N Iliyogeuka

Mudathir anasoma kinyumenyume upesi kuliko wengi wetu tunavyosoma sawasawa. Mshikie gazeti mbele ya kioo, atakusomea kichwa cha habari wewe ungali unatafuta miwani. Si karama, ni kazi tu. Tangu ana miaka ishirini anachonga mihuri kwa mkono, hapo barazani kwake Ngamiani, mjini Tanga, na mchonga mihuri huandika dunia nzima kwa kuigeuza. Neno analianzia herufi ya mwisho, kila herufi inatazama ilikotoka, ili mpira wa muhuri ukigusa karatasi maneno yakae kama Mungu alivyoyapanga.

Najua utaniambia siku hizi ziko mashine. Ziko, na zinachonga muhuri mtu hajamaliza kikombe cha kahawa. Lakini walimu wa madrasa, vikundi vya akina mama, timu za mpira na wafanyabiashara wa machungwa wa Muheza bado wanamjia yeye, kwa sababu muhuri wa Mudathir haufi. Tena ana daftari. Kila muhuri akiumaliza huugonga humo, pembeni akaandika ni wa nani na nani kauleta. Muhuri wa ofisi yoyote ya serikali hachongi bila barua, hata uje umebeba mbuzi.

Katika miaka thelathini na mitatu amekosea mara moja tu, na kosa lenyewe nitakusimulia, maana ndilo lililobeba hadithi hii.

Alikuwa mjane, mkewe wa kwanza alifariki. Akaja mwanamke wa Pangani, Najat, anatengeneza achari ya ndimu na kuiuza kwenye chupa. Alitaka muhuri wa kugonga jina lake kwenye vikaratasi vya chupa. Najat akakaa kwenye benchi, akasema atasubiri. Sasa, ili N isimame vizuri kwenye karatasi, kwenye mpira lazima uichonge imegeuka. Mudathir analijua hilo kama anavyojua kula kwa mkono wa kulia. Lakini siku ile macho yalikuwa kwenye benchi zaidi kuliko kwenye mpira, akaichonga N kama inavyosomwa. Walipoigonga ikatoka imegeuka, kijiti chake cha katikati kimelala upande usio wake.

"Hii N imelewa," Najat akasema.

"Nipe nichonge upya."

"Usiiguse. Naichukua hivyohivyo."

Miezi mitatu baadaye walioana. Na miaka kumi na moja, kuanzia sokoni Tanga mpaka kwenye kivuko cha Pangani, watu wakawa wanaagiza: nipe achari ya N mlevi.

Najat ana kaka yake, Mbarouk, mfanyabiashara wa nazi. Anaishi Bweni, ng'ambo ya mto pale Pangani. Siku moja, kama miaka mitatu kabla ya haya ninayokuja kuyasema, Mbarouk alifika nyumbani kwao Tanga akitaka achongewe muhuri wa ofisi ya kijiji, wa kuharakishia kibali cha mzigo.

"Barua iko wapi, shemeji?" Mudathir akamwuliza.

"Barua ya nini? Mimi si shemeji yako?"

"Ndiyo maana naiomba kwa upole."

Najat alikuwa amesimama mlangoni, kashika sinia la chai. Alicheka mpaka vikombe vikagongana. Mwezi mzima kila mgeni alisimuliwa: mume wangu huyu, hata kaka yangu kamnyima muhuri. Alikuwa akilisema hilo kama mtu anayeonyesha pete.

Haya. Sasa tuje kwa Tahiri.

Tahiri ni fundi saa, na simu zilipokuja akawa fundi simu. Meza yake na ya Mudathir ziko baraza moja, ukinyoosha mkono unagusa. Wote wawili wamezaliwa Tongoni, nyumba zilikuwa zinatazamana. Walipokuwa na miaka saba waliugua tetekuwanga wiki moja, wakatengwa chumba kimoja, wakalazwa mkeka mmoja, na mama yake Tahiri akawa anawaogesha maji ya mwarobaini, wakilia kwa zamu. Tahiri kovu lake liko juu ya nyusi mpaka leo. Wakigombana, na hawakosi kugombana, mmoja husema "sisi tumelala mkeka mmoja," ugomvi ukaishia hapo.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, mama yake Najat alivunjika nyonga. Najat akaenda Bweni kumuuguza. Kila siku baada ya alasiri alikuwa akiongea na mumewe kwa simu. Hajamaliza wiki mbili huko, Mudathir akaanza kuhisi moto ubavuni, upande wa kulia. Nguo ikimgusa anashtuka. Siku ya tatu akamwita mwenzake.

"Hebu nitazame mgongoni. Kuna kitu kinaniunguza kama nimemwagiwa chai."

Tahiri alishusha pazia la baraza, akapandisha fulana ya mwenzake. Kisha akanyamaza, na Tahiri si mtu wa kunyamaza.

"Mbona husemi?"

"Malengelenge. Yamejipanga mstari, yametoka mbele yanakuja nyuma." Akashusha fulana polepole. "Bwana, huu mkanda wa jeshi."

Msomaji wangu, ikiwa wewe ni wa pwani hii huna haja ya kuelezwa jina hilo linabeba nini. Kuna miaka ilikuwa mtu akitokwa na mkanda wa jeshi majirani wanaanza kuhesabu waliopita nyumbani kwake. Mwenye mkanda kakanyaga waya, ndivyo tulivyosema, ana ngoma, ana ule ugonjwa. Tena tukaongeza na letu, kwamba mkanda ukizunguka mwili, ncha zikakutana, mtu huyo hana siku. Mudathir hayo alikuwa akiyajua yote. Na alijijua kwamba tangu afiwe hajamgusa mwanamke asiye Najat.

"Umefika wapi?" akauliza, maana mgongo wake mtu hauoni.

Tahiri akapandisha tena fulana, akapima kwa vidole bila kumgusa. "Umebakisha vidole vinne kufika uti wa mgongo."

"Usimwambie mtu. Kesho nakwenda hospitali, nikishapima nitamwambia Najat mwenyewe, jibu likiwa mkononi."

"Mimi tena? Sisi tumelala mkeka mmoja."

Jioni ile Najat alipopiga alimwambia, "Sauti yako imekauka."

"Vumbi la mpira," Mudathir akajibu. Ulikuwa uwongo mdogo. Aliutoa kwa mapenzi, hakutaka amtie hofu huku yuko na mgonjwa.

Kesho yake alipata daktari mwungwana. Alimwandikia dawa za kumeza, akamwambia mkanda wa jeshi humtoka mtu yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga, hasa umri ukisogea au mwili ukichoka. Mwenye virusi vya UKIMWI humtoka kwa wepesi zaidi, kwa hiyo ni vizuri kupima. Akapima. Hana. Akapewa karatasi yenye jibu, imegongwa muhuri. Mudathir aliutazama ule muhuri kwa jicho la fundi, akaona A yake imepinda, akacheka peke yake kwa mara ya kwanza wiki ile.

Jambo la kwanza aliloliona aliporudi barazani ni kikombe. Mwuza kahawa akija, Mudathir na Tahiri huchukua vikombe vyovyote kwenye ndoo yake. Siku ile Tahiri alitoa chake mfukoni, cha bati, kipya.

"Umeanza umaridadi?"

"Mafua," Tahiri akasema, akageukia saa yake.

Na Mudathir, mtu anayesoma kinyumenyume, hilo hakulisoma.

Alasiri Najat hakupiga. Akapiga yeye, simu ikaita mpaka ikachoka. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu ukaja ujumbe, si wa Najat, wa Mbarouk: Usimpigie tena. Njoo Bweni tuzungumze.

Alikwenda asubuhi, karatasi imekunjwa mara nne mfukoni, kanzu imelegezwa ubavuni isimguse. Pangani akavuka mto. Alimkuta Mbarouk ukumbini, na pazia la chumba cha ndani limeshushwa. Chini ya pazia aliona miguu ya mkewe, na viatu vya ngozi alivyomnunulia siku ya Idi.

"Mama anaendeleaje?" akauliza, kwa adabu ya mkwe.

"Mama anaendelea. Wewe ndiye tunayekuuliza." Mbarouk hakumkaribisha kiti. "Umemletea nini dada yangu, Mudathir? Miaka kumi na moja amekaa kwako, amekupikia, leo malipo yake ndiyo hayo?"

"Nimeugua mkanda wa jeshi. Nimepima, sina kitu. Jibu hili hapa."

Mbarouk aliikunjua karatasi, akaisoma, akaipeleka mwangani. Kisha akatabasamu, na lile tabasamu ndilo lililomuumiza Mudathir kuliko matusi.

"Muhuri huu kachonga nani?"

"Sijui. Si kazi yangu. Ungekuwa wangu A isingepinda."

"Unaijua mpaka A yake," Mbarouk akasema. Akamrudishia karatasi kwa ncha za vidole. "Shemeji, wewe kazi yako ni nini? Mtu anayechonga mihuri aniletee karatasi yenye muhuri, mimi nimuamini? Hiyo si ni kama mpishi kuniapia kwa wali wake mwenyewe?"

"Mbarouk. Wewe ulikuja kwangu kutaka muhuri wa kijiji. Nilikuchongea?"

"Hayo ya zamani."

"Nilikuchongea?"

Mbarouk akatazama mlangoni, akasema, "Ijumaa ijayo talaka iwe imeandikwa. Hutaki, tutakwenda kwa kadhi, na mbele ya kadhi yatasemwa yote. Kwamba mkanda umebakisha vidole vinne ufike uti wa mgongo, tujue kama utafika Ramadhani."

Mudathir akaligeukia pazia. "Najat. Siku ile ulikuwepo. Ulishika sinia la chai. Mwambie kaka yako kama mimi ni mtu wa kughushi."

Ile miguu haikusogea. Mama mkwe akakohoa chumba cha mbali. Kisha sauti ya Najat ikatoka, ndogo.

"Ungeniambia mwenyewe. Nimesikia kwa watu."

"Nilikuwa nangoja jibu."

"Vumbi la mpira, uliniambia."

Basi, hakuongeza. Wala la sinia hakulisema.

Mudathir alipokuwa kwenye kivuko anarudi ndipo akili yake ilipomrudia. Vidole vinne. Mgongo wake yeye mwenyewe haujui. Daktari hakupima kwa vidole. Mtu aliyepima kwa vidole duniani ni mmoja. Akashika ukingo wa kivuko, na ule moto wa ubavuni ukawa si kitu.

Unadhani alimwendea Tahiri kwa kishindo? Sivyo alivyo. Kesho yake alifungua baraza kama kawaida, akatoa salamu, akajibiwa, akakaa mezani na wembe wake. Tahiri naye akakaa kwenye saa zake. Kati yao umbali ni uleule wa kunyoosha mkono.

Kama saa nne hivi akafika Wanu. Wanu ni binti wa Kipemba, anafanya kazi ya maabara katika utafiti mmoja wa magonjwa hapa mjini, kasoma Dar es Salaam. Alikuwa ameagiza muhuri wa kugonga kwenye maboksi ya sampuli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Muhuri wako tayari."

Aliponyanyuka kuufuata rafuni uso ukamkunjamana. Wanu akauliza, na Mudathir, sijui ni uchovu wa kuficha, akamwambia pale pale, mbele ya Tahiri: mkanda wa jeshi, jibu la hospitali, mke aliyezuiwa. Talaka ya Ijumaa. Kila kitu isipokuwa nani aliyepeleka habari.

"Mimi nataka kujua kitu kimoja tu," akasema. "Huu ugonjwa nimeutoa wapi? Mimi sijatoka nje ya nyumba yangu."

"Hujautoa kokote, baba. Ulikuwa nao. Utotoni hukuugua tetekuwanga?"

"Nikiwa na miaka saba."

"Basi ndicho kirusi kilekile. Tetekuwanga ikapona ngozini, chenyewe hakikutoka. Kilipanda kwenye mishipa ya fahamu, kikaenda kulala kando ya uti wa mgongo. Kwa hiyo hata huo mkanda hauzunguki. Unafuata mshipa mmoja wa upande mmoja, ukifika katikati unaishia. Ncha hazikutani."

Mudathir akahesabu. "Miaka arobaini na minne kimelala ndani yangu."

"Na kulala kwake kunakuhusu wewe kuliko mtu mwingine," Wanu akasema, macho yamemchangamka kama ya mtu aliyekutana na anayempenda. Akavuta kipande cha karatasi. "Kirusi kina kitabu cha maagizo, maagizo yenyewe tunaita jeni. Agizo likitakiwa kufanya kazi, hunakiliwa kwanza kwenye kikaratasi, hicho kikaratasi ndicho kinachosomwa na kutekelezwa. Umenifuata?"

"Kama barua ya ofisi na nakala yake."

"Ndiyo. Sasa mna agizo moja linalosaidia kuamsha mengine. Kirusi kikiwa kimelala, karibu kitabu chote kimefungwa. Ila kuna ukurasa unaendelea kunakiliwa, na unanakiliwa kinyume. Mahali palepale pa lile agizo la kuamsha, lakini kutoka upande wa pili, kuanzia mwisho kurudi mwanzo."

Mudathir akautazama muhuri uliokuwa mkononi mwake. Akautazama na uso wa mpira, herufi zote zimegeuka. Kisha akaugonga kwenye daftari, akauacha umelala juu ya chapa yake.

"Hivi?" akasema.

Wanu akakisogeza kando kile kipande cha karatasi. "Miaka minne nimesoma, mwalimu hajanieleza hivyo. Hivyohivyo, baba. Kila herufi inakaa juu ya mwenzake. Huo ujumbe wa kinyume unaweza kulifunika lile agizo, na agizo lililofunikwa halisomwi. Wataalamu bado wanachunguza linavyofanyika hasa, lakini wakiongeza ujumbe wa kinyume maabara, lile agizo linapungua. Siku ujumbe huo ukilegea, kwa umri, kwa uchovu, sababu nyingine hatujazijua, kirusi kinaamka."

"Kwa hiyo kimya chake kimeandikwa."

"Kimeandikwa. Si hicho tu, viko na vingine. Hata cha UKIMWI kimeonekana kina ujumbe wake wa kinyume, unakisaidia kujificha."

Mudathir akauondoa muhuri kwenye daftari. Akauliza bila kugeuka, kwa sauti ya kumwuliza mtu habari za mvua, "Na watoto wawili waliougua tetekuwanga wiki moja, wakalala mkeka mmoja. Anacho nani?"

"Wote wawili, baba. Mpaka kaburini."

Bisibisi ya Tahiri ikaanguka. Ikaviringika mpaka chini ya meza ya Mudathir, na hakuna aliyeiokota.

Wanu alikuwa mtu wa kuelewa. Alichukua muhuri wake, ila kabla hajaondoka akasema, "Karatasi yako wameikataa kwa sababu ya muhuri. Basi pimeni kwa kipimo kisicho na muhuri. Kile cha kidole, tone la damu, mstari unatoka mbele ya macho ya mtu. Mwache mkeo akae hapo auone mwenyewe."

Alipokwisha kwenda, mafundi wawili wakabaki.

"Vidole vinne," Mudathir akasema.

Tahiri alikuwa akifutafuta kioo cha saa kisichokuwa na vumbi. "Nilimhurumia Najat, nikampigia kaka yake."

"Ungenihurumia mimi ukaniambia unataka kumwambia."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali. Ndiyo maana ya kuambiwa siri."

"Mudathir, mimi niliogopa." Hapo ndipo sauti ya Tahiri ilipovunjika. "Wembe wako wa kazi nimeutumia mara ngapi kukatia nyaya? Nimejikata nao mara ngapi? Sikulala usiku ule. Nikasema ikiwa mimi naogopa hivi kwa wembe tu, yeye mkewe je?"

"Ulikwenda kupima?"

Tahiri akakifuta tena kile kioo.

"Hukwenda. Ukanunua kikombe."

Tahiri alitaka kusema lile neno lao, la mkeka. Mudathir aliliona likipanda kooni, akamkatiza. "Usiliseme. Limesemwa mara ya mwisho siku uliyonipima."

Ujumbe kwa Najat aliuandika mwenyewe. Aliufuta mara nyingi, ukabaki mfupi: Alhamisi saa tatu nitakuwa zahanati Pangani. Kipimo hakina karatasi wala muhuri, mstari utauona kwa macho yako. Usipokuja, Ijumaa nitaandika talaka.

Alhamisi alikaa kwenye benchi la zahanati tangu saa mbili. Saa tatu ikapita. Wembe hakuwa nao wala mpira, mikono ikakosa kazi. Saa tatu na nusu Najat akatokea lango la nje amejitanda kanga, Mbarouk nyuma yake. Hakuna aliyesema zaidi ya salamu. Muuguzi, bibi mmoja mkunjufu, akawaingiza.

"Nani anaanza?"

"Mimi," Mudathir akasema, akanyoosha kidole.

Muuguzi akatia tone kwenye kijiti. "Mstari mmoja hapa juu, hana. Miwili, anavyo. Tunangoja dakika kumi na tano, na mtu asiniharakishe."

Walingoja. Najat hakumtazama mumewe, alikitazama kijiti. Mudathir hakukitazama kijiti, alimtazama Najat. Mstari wa kwanza ukatoka, mwekundu. Nafasi ya wa pili ikabaki nyeupe, nyeupe, mpaka muuguzi akasema, "Mmoja." Akampima na Najat. Mmoja.

"Mbona mko kama mmefiwa?" bibi akauliza. "Hapa watu hutoka wanacheka."

Mbarouk akasafisha koo. "Shemeji, unajua mambo haya, mtu anasikia..."

"Najua," Mudathir akasema.

Najat alilia nje, kando ya ukuta. Alimwomba msamaha kwa maneno mengi, na Mudathir akasema nimekusamehe, na alikuwa anamaanisha. Kanga ikashikwa na upepo ikampiga ubavuni, akashtuka kwa maumivu. Najat akadhani anamkwepa. Mudathir alikuwa na nafasi ya kumweleza kwamba ni kidonda. Akaiacha ipite.

Mama mkwe alipoweza kusimama, Najat akarudi Tanga. Malengelenge yalikauka, ingawa mpaka leo pale mahali panawaka kukiwa na baridi. Tahiri yupo barazani. Asubuhi Mudathir humpa salamu, kwa sababu Mwislamu hamnyimi mwenzake salamu, na Tahiri hujibu. Hayaendelei mbele ya hapo. Kikombe cha bati Tahiri alikiacha siku nyingi, anachukua cha kwenye ndoo. Mudathir ndiye sasa anayekunywa kahawa nyumbani kabla ya kutoka.

Najat alianza tena achari. Chupa zilipojaa akaja barazani, akakaa kwenye benchi lilelile.

"Nataka muhuri," akasema.

"Wako umekwenda wapi?"

"Nilikuwa nao kwenye mkoba nilipokwenda Bweni. Kaka aliponiambia yale, nilikwenda kivukoni nikautupa mtoni. Kabla hujaja. Kabla sijakuuliza."

Mudathir akaitikia kwa kichwa. Akachagua mpira, akaupima, akachora mistari. Hakutazama benchi hata mara moja. Wembe ulikwenda polepole, T, A, J, A, na ya mwisho N, na N aliichonga imegeuka, kama inavyotakiwa. Akautia gundi kwenye mpini, akangoja ukamate. Akaugonga kwenye daftari, pembeni akaandika: Najat, achari. Kisha akaugonga kwenye kikaratasi, akampa.

Najat alikishika kwa mikono miwili. Herufi zote tano zilikuwa zimesimama wima, safi, kama za ofisi.

"N imekaa sawa," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nilitaka kama ile."

Mudathir alikuwa akifuta wembe kwa kitambaa, upande mmoja, kisha wa pili.

"Ile nilikosea," akasema.